Longonot: Mlima uliolala si mlima uliokufa

KILA wikendi, kabla jua halijachomoza vyema, matatu zilizojaa wanafunzi, vijana wa makanisa na wafanyakazi wa ofisini huondoka Nairobi na kuteremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu. Wengi wao huwa wanaelekea mahali pamoja: lango la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Longonot, yapata kilomita 90 kutoka jijini.

Kinachowavuta ni mandhari. Kutoka ukingo wa kasoko ya mlima huo, mtu huliona Ziwa Naivasha limetandazwa upande mmoja, kuta za Bonde la Ufa upande mwingine, na chini ya miguu yake shimo kubwa la mviringo lililojaa msitu. Hupiga picha, akapumzika kidogo, kisha akaanza kuteremka.

Lakini ukimuuliza mpandaji huyo amesimama juu ya nini, aghalabu atakujibu kuwa ni volkano iliyokufa zamani. Jibu hilo limezoeleka mno, hata hurudiwa katika vipeperushi vya ziara na masimulizi ya waongozaji. Hata hivyo, si sahihi.

Longonot umelala tu. Tofauti kati ya mlima uliolala na uliokufa si suala la maneno matupu. Ndiyo inayoeleza kwa nini shimo lile lipo, kwa nini mvuke bado hupenya katika kuta zake, kwa nini udongo wa njia yake huteleza kama unga, na kwa nini anayeupanda hana budi kuuheshimu.

Mfu, tulivu na hai

Wataalamu wa miamba huzigawa volkano katika makundi matatu. Volkano hai ni ile inayolipuka au iliyolipuka karibuni, na inayotarajiwa kulipuka tena. Mifano iko karibu nasi. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ililipuka kwa kishindo mwaka wa 2007 na 2008. Nyiragongo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ilimwaga lava hadi jijini Goma mwaka wa 2002, na Mei 2021 ikawalazimu tena maelfu ya wakazi kuyahama makao yao.

Volkano mfu ni ile ambayo chanzo chake cha magma, yaani miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi, kimekwisha kupoa au kimekatika kabisa. Mlima Kenya ni mfano mwema. Volkano hiyo ilizima zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na barafu pamoja na mvua zikaimega sehemu ya juu. Vilele vya Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na Nelion kilicho jirani yake, ni mabaki ya magma iliyogandia katika koo la mlima. Kasoko yenyewe haipo tena. Mlima Elgon, ulio katika mpaka wa Kenya na Uganda, nao ni wa kundi hilo.

Kati ya makundi hayo mawili kuna volkano tulivu, au iliyolala: haijalipuka kwa muda mrefu, ila moto wake wa chini haujazimika. Mlima mmoja waweza hata kuwa na sehemu za aina mbili. Kilimanjaro ina vilele vitatu. Shira na Mawenzi vimekufa, ilhali Kibo, kilicho kirefu kuliko vyote, kimelala.

Shida ni kwamba usingizi wa volkano haupimwi kwa umri wa binadamu. Miaka 150 kwa familia ni vizazi vitano au sita, muda unaotosha watu kusahau. Kwa mlima, muda huo ni kama kufumba na kufumbua. Ndiyo maana wataalamu wengi huiona volkano yoyote iliyolipuka katika miaka 10,000 iliyopita kuwa yenye uwezo wa kuamka.

Bonde la Ufa lenyewe limetoa mafunzo. Mnamo Juni 2011, mlima Nabro nchini Eritrea, ambao haukuwa na mlipuko wowote uliorekodiwa katika historia, ulilipuka ghafla. Novemba 2025, Hayli Gubbi katika eneo la Afar nchini Ethiopia nayo ikalipuka, na wingu la majivu yake likavuka Bahari ya Shamu. Kabla ya siku hiyo, haikuwa na mlipuko uliojulikana katika kumbukumbu za binadamu.

Ushahidi wa Longonot

Longonot ni kijana miongoni mwa milima. Zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, mlima mkubwa zaidi uliokuwapo hapo ulilipuka kwa nguvu, ukatoa magma nyingi mno hata paa lake likakosa mhimili na kuporomoka. Liliachwa bonde pana la kilomita nane kwa kumi na mbili. Mlima tunaouona leo ulikua ndani ya bonde hilo, tabaka juu ya tabaka za majivu na lava, hata ukalifunika kwa sehemu kubwa.

Kisha sehemu ya kati ya mlima huo mpya nayo ikabomoka. Hivyo ndivyo ilivyopatikana kasoko ya sasa, ambayo upana wake ni takriban kilomita 1.8. Kinyume na wanavyodhani wengi, shimo hilo halikuchimbwa na mlipuko peke yake. Ni kama dari ya nyumba iliyodidimia baada ya nguzo kuondolewa.

Lava haikukoma hapo. Ubavuni mwa mlima ipo mitiririko ambayo bado ni myeusi na mikavu, na ambayo mimea haijaifunika vyema. Masimulizi ya Wamaasai yaliyorekodiwa yanautaja moto wa mlima huo, na watafiti wanakadiria kuwa mlipuko wa mwisho ulitokea katikati ya karne ya 19. Ikiwa ni hivyo, babu wa babu za baadhi ya wakazi wa leo huenda waliuona kwa macho yao.

Baadaye, katika miaka ya 1880, msafiri kutoka Scotland, Joseph Thomson, alifika ukingoni mwa kasoko hiyo. Aliandika jinsi shimo lile lilivyomduwaza hata akahisi kana kwamba anavutwa kujitosa ndani. Jina la mlima lilikuwa tayari la zamani. Linatokana na neno la Kimaasai Oloonong'ot, lenye kumaanisha mlima wenye migongo na mabonde mengi makali, jina ambalo kila mwenye kuutazama kutoka barabarani atakubali kuwa unalistahili.

Ushahidi wa karibuni zaidi umetoka angani. Setilaiti zenye rada hupima umbali wa ardhi mara kwa mara, na picha za nyakati mbili zikilinganishwa, hata badiliko la sentimita chache huonekana. Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulibaini kuwa kati ya 2004 na 2006 ardhi ya Longonot iliinuka kwa takriban sentimita tisa. Mlima Paka, ulio kaskazini zaidi, uliinuka kwa takriban sentimita 21 mwaka wa 2006 na 2007. Suswa na Menengai, kwa upande wake, zilishuka kwa sentimita chache kati ya 1997 na 2000.

Takwimu hizo hazina maana kuwa mlipuko umekaribia. Volkano nyingi duniani huinuka na kushuka, magma na maji moto yakisogea chini yake, bila kutoa hata jivu. Zinachoonyesha ni kwamba chini ya Longonot kungali na mwendo, na kitu kilichokufa hakiendi popote.

Kilomita 13 za vumbi

Kwa anayefika langoni, elimu hiyo yote huanza kuonekana katika udongo. Lango liko katika mwinuko wa takriban mita 2,150 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kupanda, kuzunguka na kurudi kwa hivyo ni zaidi ya kilomita 13, mwendo wa saa nne hadi sita kwa mtu wa kawaida.

Sehemu ya kwanza huwadanganya wengi. Njia ni pana, imezungukwa na miti mifupi na nyasi, na si ajabu kuwaona punda milia au twiga kwa mbali. Baadaye mwinuko huongezeka, na njia huingia katika mifereji mirefu iliyochimbwa na maji ya mvua. Hapo mguu huzama katika vumbi laini la kijivu.

Vumbi hilo ndilo jivu la volkano. Halijashikamana kuwa mwamba, na kwa hivyo humomonyoka upesi kila mvua inyeshapo na kila mguu upitapo. Ndani yake mmetapakaa vijiwe vyepesi vyenye matundu kama sifongo. Viligandishwa hewani vikiwa bado vimejaa gesi, na vingi vyaweza kuelea majini. Mwenye macho makali huweza pia kuona vipande vya kioo cheusi cha volkano. Wakazi wa kale wa bonde la Naivasha walikitumia kioo hicho kutengeneza visu na ncha za mikuki maelfu ya miaka kabla ya chuma kufika.

Akifika ukingoni, mpandaji hudhani kuwa kazi imekwisha. La hasha. Kilele, chenye mita 2,776, hakiko pale njia inapofikia ukingo. Ni lazima mtu autembee ukingo wenyewe, akipanda na kushuka, na karibu na kilele huenda akalazimika kutumia mikono. Mahali pengine ukingo ni mwembamba, huku shimo likiwa upande mmoja na mteremko mkali upande wa pili.

Hewa nayo huwa haba kiasi kuliko ilivyo nyanda za chini. Mkazi wa Nairobi, aliyezoea mwinuko wa takriban mita 1,700, hataona tofauti kubwa. Mgeni aliyetoka Mombasa siku hiyo hiyo atajikuta akihema mapema, na hana sababu ya kuona haya kupumzika.

Kusoma mandhari

Juu ya ukingo ndipo mandhari yanapogeuka kuwa kitabu, iwapo mtu anajua wapi pa kuanzia.

Mashariki huonekana ukuta mrefu wa Kijabe na Kinangop. Huo si safu ya kawaida ya milima. Ni ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na sehemu ya kati ikashuka. Ukuta wa pili, wa Mau, uko mbali magharibi. Pande hizo mbili za bara zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Ufa unapopanuka, ganda la ardhi huwa jembamba na magma hupata njia ya kupanda. Longonot ni mtoto wa ufa huo, kama walivyo jirani zake wote.

Kusini husimama Suswa, volkano nyingine yenye bonde la mviringo na mapango marefu yaliyoachwa na mito ya lava. Kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, huonekana Eburru. Kwa hivyo mtu aliyesimama ukingoni mwa Longonot huwa amezungukwa na jamaa za mlima huo, wote wakiwa wamepangwa kwenye sakafu ya ufa.

Ziwa Naivasha lenyewe, lililo katika mwinuko wa karibu mita 1,890, ni la maji yasiyo na chumvi. Ni jambo la ajabu, kwa maana halina mto unaotoka kuelekea baharini. Sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi katika miamba ya volkano na kuondoka na chumvi. Kandokando mwake hung'aa mapaa ya mashamba ya maua yanayotegemea maji hayo.

Magharibi, mawingu meupe yanayopanda bila kukoma si moshi wa kiwanda. Ni mvuke wa Olkaria, ambako Kenya ilianza kuzalisha umeme kutokana na joto la ardhini mwaka wa 1981. Maji ya mvua yaliyozama hukutana na miamba moto, yakageuka mvuke, na mvuke ukasukuma mitambo. Joto hilo ni la familia moja na lile linalofukiza mvuke katika kuta za kasoko ya Longonot. Anayewasha taa jijini jioni hupokea sehemu ya zawadi ya volkano hizi, hata kama hajawahi kuzipanda.

Mwishowe macho hurudi chini, katika shimo. Sakafu yake imefunikwa na msitu uliozingirwa na kuta pande zote. Wanyama huishi humo pia, jambo lililodhihirika kwa huzuni mnamo Machi 2009, moto wa nyika ulipopanda ubavu wa mlima, ukateremka hadi ndani ya kasoko na kuwanasa waliokuwemo.

Hatari zisizo za moto

Kwa yote hayo, uwezekano wa Longonot kulipuka siku ambayo msomaji ameamua kuupanda ni mdogo sana. Hatari za kweli ni nyingine, na nyingi huzaliwa na maumbile yale yale ya volkano.

Ya kwanza ni maji. Jivu na miamba yenye matundu huyanywa maji ya mvua upesi, na hakuna chemchemi njiani. Kivuli nacho ni haba. Mtu mzima anahitaji angalau lita mbili za maji, na tatu ni bora zaidi akikusudia kuzunguka ukingo. Chupa ndogo inayouzwa dukani haitoshi.

Ya pili ni ukingo wenyewe. Udongo wa jivu haushikamani, na sehemu inayoonekana imara yaweza kubomoka ikikanyagwa. Anayerudi nyuma hatua moja ili picha yake ipendeze huwa anaitegemea ardhi ambayo hajaikagua. Viatu vyenye soli za kushika ni lazima, hasa wakati wa kuteremka, kwa kuwa wengi huanguka wakirudi, magoti yakiwa yamechoka.

Ya tatu ni mvua. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, huigeuza mifereji ya njia kuwa mikondo ya maji na tope. Radi hupenda mahali palipoinuka na pasipo miti, na ukingo wa Longonot ni mahali pa namna hiyo. Katika mbuga jirani ya Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kundi la kanisa mnamo Aprili 2012. Miamba ya eneo hili huyapeleka maji kwa kasi kutoka mbali, hata pale anga lililo juu ya mtu linapokuwa jeupe.

Ya nne ni gesi. Matundu ya mvuke huvutia, lakini katika maeneo ya volkano hewa ya kaboni, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na haina rangi wala harufu, hutuama mahali pa chini. Anayeyaona matundu hayo ayatazame kwa mbali, wala asijaribu kushuka katika kasoko bila idhini na mwongozo wa walinzi wa mbuga.

Wapo pia nyati na chui. Kwa hivyo ni busara kutembea kikundi, kujiandikisha langoni na kumchukua mwongozaji, hasa kwa wanaofika mara ya kwanza. Kwa sababu ya moto wa nyika, kuvuta sigara na kuwasha moto ni mambo ya kuepukwa kabisa wakati wa kiangazi.

Wakati mwema wa kuanza ni asubuhi na mapema. Jua huwa halijawa kali, na hewa huwa safi kabla ya vumbi na mawingu ya alasiri kuyafunika mandhari. Ada ya kuingia hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa njia ya kielektroniki, si kwa pesa taslimu. Viwango hubadilika, na ni vyema kuvithibitisha kabla ya kusafiri. Asiye na gari hupanda matatu ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu, akashuka kituo cha Longonot, kisha akachukua bodaboda hadi langoni.

Heshima kwa aliyelala

Kuujua mlima hakuupunguzii uzuri wake. Mtu anayedhani amesimama juu ya kaburi la volkano huona shimo na ziwa. Ajuaye kwamba mlima umelala huona zaidi: ukuta wa bara linalopasuka, mvuke unaowasha taa za nchi, na ardhi ambayo kati ya 2004 na 2006 iliinuka kama kifua cha mtu aliye usingizini.

Nchi pia ina la kujifunza. Volkano tulivu huhitaji kuangaliwa kwa vipimo vya mitetemo ya ardhi na kwa setilaiti, si kwa sababu hatari imebisha hodi, bali kwa sababu dalili husomeka vyema na aliyeanza kuzisoma mapema. Karibu na Longonot kuna miji, mashamba, reli, barabara kuu na mitambo ya umeme ambayo haikuwapo mlima huo ulipotoa moto mara ya mwisho.

Wahenga walisema, usimwamshe aliyelala, utalala mwenyewe. Mpandaji hana uwezo wa kuiamsha volkano, wala wa kuibembeleza izidi kulala. Awezalo ni kutembea juu yake kwa adabu: akabeba maji ya kutosha, akaushika mkondo wa njia, akarudi na taka zake, na kabla ya kuteremka akasimama kidogo ukingoni, akatambua kwamba yeye ni mgeni aliyepita wakati mwenyeji amelala.